Mwaka wa Gesi ya Maganda

Tumemzika Bi Somoe juzi kule Mahurunga, na mpaka tunanawa mikono kwenda kula, watu watatu walikuwa wameshaniomba niwachekeshe. Ndiyo sifa yangu hiyo. Mtu akioa, akifiwa, akimtoa mtoto jandoni, ananiita mimi Mfaume kabla hajamwita mpishi. Nikawaambia leo sina kitu, nalo hilo wakalicheka. Nikakaa mkekani nikala ubwabwa wa watu huku nimenuna, maana marehemu alikuwa mtu pekee aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na alinisikiliza siku moja tu, na siku yenyewe mambo yalikuwa yameshaharibika. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Sasa nimevuka thelathini, na hasira ya mwaka ule bado haijanitoka.

Mambo ya kwetu, ya baba na mama, nayaacha, hayahusiki humu. Nianzie uani Mikindani, nyuma ya ghala moja kuukuu la mawe, ambako chuo kimoja cha mbali kilikuja kusimamisha mtambo wa kugeuza maganda ya korosho kuwa mafuta ya kuwashia jiko na injini. Nilipata kazi pale kwa sababu nilikuwa napita na baiskeli, nikawaona wanaume sita wanavuta pipa la chuma lirefu kama mnazi mchanga, nikawaambia kwa namna mnavyolivuta hilo mtalizalisha kabla ya kulisimamisha. Mwanamke mmoja aliyevaa kofia ngumu akacheka mpaka akajishika kiuno. Akauliza, "Wewe ungelivutaje?" Nikamwonyesha, kwa magogo ya chini na kamba mbili. Kesho yake nikaajiriwa. Huyo ndiye Injinia Neema, mtu wa bara, mwembamba, ana sauti ya upole na haraka ya ajabu. Nimewaza sana tangu wakati huo kwamba niliingia pale kwa kuchekesha, na hapo ndipo nilipojiharibia.

Mtambo alinieleza yeye mwenyewe, tumekaa juu ya ndoo mbili zilizofunikwa, tunakula viazi vya porini, ming'oko, vya kuchemsha kwa pilipili. Ukichoma maganda kwa hewa nyingi, akasema, unapata moto na majivu, basi. Lakini ukiyachoma huku unayabania hewa, hayawaki yakaisha, yanatoa gesi. Gesi yenyewe ni mbili zimechanganyika: moja haidrojeni, nyingine kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaweza kukulaza usiamke, ndiyo maana kila mmoja wetu alivaa kifuani kikengele cha kulia ikivuja. Mchanganyiko huo ukishaupoza, ukauosha kwa maji na kuuchuja kwa mkaa, akasema, uuone kama unga wa ngano. Mwenye tanuri anatoa mkate, mwenye karai anatoa maandazi. "Wenzetu wanatoa mbolea kwa gesi hiyo hiyo. Wanatoa dizeli, wanatoa gundi, wanatoa plastiki."

"Kwa hiyo Injinia, beseni langu la kuogea na mbolea ya mjomba wangu ni ndugu?"

"Wa mama mmoja. Hata gesi ya chini ya ardhi, mtu akitaka mbolea, lazima kwanza aivunjevunje iwe hii hii."

"Ile ya chini ya ardhi inapita hapa bombani, haisimami. Bora hii, inakaa na sisi."

Akacheka tena, ming'oko mdomoni. Sisi tulikuwa tunatengeneza methanoli, kitu cheupe kama maji, kinawaka bila moshi, na ukikinywa unapofuka. Hilo la kupofuka ilibidi niwaeleze wazee wawili waliokuja na vikombe siku ya kwanza wakitaka kuonja. Gesi ikishaoshwa ilisukumwa na kompresa mpaka kwenye chungu cha chuma ambacho ndani yake kulikuwa na kichocheo: vidonge vyeusi, vidogo kama pilipili manga. Gesi inapita katikati ya vidonge, inashikana, inatoka upande wa pili inadondoka tone tone. Vidonge havipungui wala haviungui, kazi yao kuunganisha tu, kama mshenga. Vilikuja kwenye kopo moja kutoka ng'ambo, na Injinia alipolifungua alitusimamisha wote mbali kama tunaangalia maiti. "Hatuna kopo la pili," akasema. "Likiharibika hili, tumekwisha."

Sasa sikilizeni lililonihusu mimi. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na la saba lenyewe nilikuwa nakaa dirishani. Chuo kile kilisema hivi: mtambo ukienda siku thelathini mfululizo bila kusimama, mmoja wa waendeshaji atachukuliwa kwenda kusoma ufundi wa mitambo miaka miwili, chakula na kitanda juu yao, hata kama hana cheti cha kidato cha nne. Injinia alinisomea karatasi yenyewe, akaweka kidole kwenye lile neno "hata kama". Waendeshaji tulikuwa wawili. Mwenzangu Issa alikuwa na kidato cha nne chake, alishapata nafasi ya kwenda kusomea ualimu, hakuihitaji hii. Yaani ile "hata kama" ilikuwa yangu mimi. Nilikuwa napanga chumba kimoja mtaa wa Rahaleo, ukuta wa matofali bila plasta, na kwenye ule ukuta nikachora kwa mkaa vistari thelathini. Sijawahi kutaka kitu namna ile. Wanawake niliowataka nawajua kwa majina na hakuna aliyefika hata nusu ya kile.

Maganda yaliletwa na Bi Somoe. Alikuwa mkubwa wa kikundi cha wanawake wabanguaji kule Mahurunga, mama wa miaka hamsini na kitu, mnene, vidole vimebadilika rangi kwa yale mafuta makali ya ganda yanayobabua ngozi. Kila baada ya siku tatu alikuja na mzigo juu ya pikapiki ya matairi matatu, yeye mwenyewe kakaa juu ya mzigo kama bibi harusi. Wanawake wake waliahidiwa kwamba mtambo ukitimiza siku zake watafungiwa injini ndogo inayotumia methanoli hiyo hiyo, ya kuendesha mashine ya kubangua, wapumzike kuungua. Kwa hiyo na yeye alikuwa anahesabu siku. Na alikuwa anatulisha. Hakuja hata mara moja mikono mitupu: ugali wa muhogo umefungwa kwenye jani, kisamvu cha nazi, papa mkavu. Alikuwa ananipakulia mimi kwanza. "Kula, mwanangu," ananiambia, "maana maneno yako mengi yanatumia nguvu." Tulikula ndani ya ghala kwenye baridi ya yale mawe, na wanawake aliokuja nao walikaa mlangoni wanasemana. Nakumbuka mmoja alisema huyu Injinia hajaolewa kwa sababu anaogopa kunuka moshi. Mwenzake akamjibu, "Na wewe uliyeolewa unanuka nini?" Vitu kama hivyo ndivyo nilivyoshika. Tarehe siwezi kukutajia hata moja.

Siku nane za kwanza mtambo ulikwenda kama saa. Nilijifunza kuusikia. Maganda yakikwama ndani ya pipa, sauti ya feni inabadilika, inakuwa kama mtu anayekoroma kisha ananyamaza, na mimi nilikuwa naugonga ubavuni kwa nyundo ya mpira kabla geji haijasema lolote. Injinia aliniangalia akaandika kitu kwenye daftari lake. Methanoli ilitoka chupa kubwa nne kwa siku. Tuliwasha kibatari kwa ile ya kwanza, mwanga wake wa bluu hauonekani vizuri mchana, Issa akaweka mkono kuhakikisha kama kweli unawaka na akahakikishiwa.

Mvua zikaanza. Maganda yaliletwa kwenye magunia ya katani, na katani inapitisha maji. Siku ya saba Injinia alishika ganda moja, akalivunja, akasema kwa upole wake ule, "Bi Somoe, haya ni mabichi. Mtambo hautaki maji. Tafadhali tafuteni mifuko isiyovuja." Bi Somoe akaona aibu, akasema sawa mwanangu, nitatafuta. Safari iliyofuata alikuja na maganda makavu kabisa, yanalia kama njugu, yamo ndani ya mifuko ya nailoni, mizito, mizuri, midomo imeshonwa kwa uzi. Injinia akafurahi, akampa mkono. Mimi nikashusha mfuko wa kwanza begani, na mabega yangu yakawa ya manjano.

Mtu wa huku sina haja ya kumweleza, lakini wengine wanaweza wasijue. Mikorosho inapoanza kutoa maua inashikwa na ukungu mweupe, na dawa yake ni salfa, unga wa manjano, unapulizwa kwa mashine ya mgongoni mpaka shamba zima linakuwa kama limepakwa binzari. Salfa inakuja kwenye mifuko. Salfa ikiisha, mfuko hautupwi. Ndimo tunamowekea makopa ya muhogo, mkaa, viatu vya shule, mfuko wa salfa ukiupasua unakuwa pazia la choo. Bi Somoe alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kuomba ile iliyo mizima, akaikung'uta, akatuletea. Ilikuwa heshima aliyotupa. Tena kuanzia hapo tukaanza kuwekea humo hata mkaa wa kuchujia gesi.

Siku ya kumi na moja chupa zilikuwa tatu na nusu. Siku ya kumi na tatu, mbili. Mimi ndiye niliyekuwa namwaga maji ya kuoshea gesi, maji meusi yenye harufu ya moshi na lami, nilishaizoea. Asubuhi hiyo yalinuka mayai viza. Nikamwita Injinia. Sasa ona nilivyomwambia. Ningeweza kusema, Injinia, maji yamebadilika harufu. Mimi nikasema, "Injinia, mtambo umejamba."

Alicheka mpaka akatoa miwani. "Maji haya yalinukia vizuri lini, Mfaume?"

"Hapana, leo umekula kitu kibaya. Mayai kabisa."

"Mpe maji ya tangawizi," akasema, akarudi kwenye kompyuta yake. Hiyo ni mara ya kwanza.

Mara ya pili ilikuwa siku ya kumi na tano, chupa moja na robo. Injinia alikuwa halali, macho yamevimba, anapekua mabomba, anabadilisha joto, anampigia simu mtu huko chuoni kwa lugha ya watu. Nilimsikia kupitia mlango akitaja salfa.  Nikaingia, nikasema, "Kama unatafuta salfa, Injinia, mimi nimeoga nayo, nitazame mabega. Mifuko yote imejaa." Na hapo nikaongeza, sijui ni shetani gani, "Ukinikung'uta juu ya mkorosho mmoja, unazaa." Issa akaangua kicheko. Injinia akatabasamu kwa kuchoka, akavuta karatasi. Alikuwa ameshapeleka maganda maabara, akasema, kwa sababu na yeye anajua mikorosho inapulizwa dawa. Karatasi imerudi: maganda hayana salfa ya kutisha. Nikamuuliza, hayo maganda uliyopeleka uliyachukua wapi? Akasema kule kule Mahurunga, kwa mkono wake, kutoka chini ya mti wanapobangulia, akayatia kwenye mfuko mpya wa plastiki. "Safi kabisa," akasema. Nikasema ndiyo hayo sasa, hayo yalipanda ndege, haya yetu yamepanda mfuko. Akacheka kidogo. Karatasi ilikuwa na mhuri. Mimi nilikuwa na mabega.

Nikaenda kukaa nyuma ya pipa nikiwa nimekasirika mpaka masikio yanauma. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia karatasi, nikamkasirikia Issa na meno yake. Leo najiuliza ni nani aliyemfundisha Injinia kwamba nikifungua mdomo ni wakati wa kucheka. Kila asubuhi kabla ya salamu nilikuwa nampa kichekesho, na alikuwa anakingoja, kama wengine wanavyongoja chai. Mtu akikupa maandazi miezi minne, siku akikupa jiwe utaling'ata tu.

Mara ya tatu nilijaribu kutumia akili. Nilikuwa nimemsikia sonara mmoja wa Kihindi pale mjini akimwambia mteja usivae fedha ukienda kupuliza mikorosho, inakuwa nyeusi. Issa alikuwa na pete ya fedha. Nilimwomba, akakataa, nikamwambia basi unaogopa, akanipa. Nikaifunga kwa uzi nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kuoshea gesi, nikaiacha tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ikatoka nyeusi kama mkaa. Nikaifuta kwa mafuta ya taa, lami yote ikaondoka, weusi ukabaki. Nikakimbia nayo. Hiyo siku sikuandaa utani wowote, naapa. Nilisimama mbele ya Injinia na pete mkononi, nikasema, "Injinia, naomba unisikilize. Nina jambo zito."

Kabla sijamaliza alikuwa ameshaanza kutabasamu, anasubiri. Akaiangalia pete, akaniangalia na sura niliyokuwa nimeikaza, na akapasuka. Kicheko kilimshika mpaka machozi, kicheko cha mtu asiyelala. "Mfaume," akasema, "unamposa nani?" Issa naye kwa nyuma anapiga kelele pete yangu, pete ya babu yangu, umeiua. Nikasema imekuwa nyeusi, tazama. Injinia akafuta macho akasema hapa kila kitu ni cheusi, hata mimi nilipokuja sikuwa hivi. Nikaondoka. Sikujua mtu anasemaje jambo mara ya nne.

Siku ya kumi na tisa, baada ya chai, bomba la mwisho halikutoa hata tone. Injinia alikaa chini kwenye sementi. Alifungua chungu siku mbili baadaye, akatoa vidonge, kwa macho havikuwa na tofauti yoyote, vyeusi vile vile, akavipeleka chuoni. Jibu lilikuja kwa simu na alilisikiliza amesimama uani katikati ya mifuko, na nilimwona anageuka polepole, anaitazama mmoja mmoja. Akainama, akapitisha kidole kwenye mshono wa ndani. Kikatoka cha manjano. Salfa ikiingia kwenye moto inageuka gesi, akaja kunieleza, inakaa juu ya kichocheo, haitoki tena, hata kidogo tu inatosha. Akasema, "Ulisema." Nikasema, "Mara tatu." Hakuna aliyecheka. Aliandika barua chuoni kuniombea nafasi ile hata kama siku hazikutimia, nilimwona akiiandika, na walijibu kwamba masharti ni masharti. Simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa pete, mpaka leo.

Mimi ndiye niliyetumwa Mahurunga kuwaambia wanawake wasilete tena maganda. Nilimkuta Bi Somoe barazani kwake, amezungukwa na mifuko mingine kumi ameshaishona, tayari kwa safari. Nikamwamkia, akanivutia kigoda, akaniletea uji. Nikamweleza yote tangu mwanzo: mayai viza, mabega, karatasi ya maabara, pete. Sikuchekesha, na yeye hakucheka, aliweka mikono yake ile iliyobabuka magotini na akanisikiliza mpaka mwisho.  Nilimwambia nimesema mara tatu, mara tatu, Bi Somoe, na hakuna mtu aliyenisikia.

"Ulimwambia nani?" akauliza.

"Injinia. Na Issa alikuwepo."

"Mara ya kwanza lini?"

"Siku ya kumi na tatu."

Akahesabu kwa vidole. "Siku hiyo jioni nilikuja. Nilikupa papa."

"Ndiyo."

"Na siku tatu baadaye nilikuja tena. Ulibeba mifuko na mimi."

 Nilikuwa na jibu, kwamba sikutaka kumvunja moyo, kwamba mifuko aliiomba nyumba kwa nyumba na ananilisha, na ni kweli hivyo vyote. Lakini kulikuwa na jingine chini yake ambalo sikuwahi kulitoa mpaka leo ninapoandika. Nilitaka mwenye miwani na daftari ndiye aseme Mfaume ana akili. Bi Somoe angesema hivyo isingenipeleka popote, ndivyo nilivyowaza, basi sikumwambia yeye mwenye mifuko.

Alichukua mfuko mmoja, akaukata uzi kwa meno, akamwaga maganda pale pale uani. Akaugeuza ndani nje na kuukung'uta. Vumbi la manjano likatoka, dogo tu, likasimama hewani mbele yetu.

"Magunia ya katani yapo," akasema, bila kunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. "Turubai lipo la mwanangu. Ningefunika. Ningebadilisha kesho yake tu, Mfaume. Kesho yake tu."